Jeraha la Kichwa na Saa Zinazolifuata

Jeraha la kichwa linalotisha macho si lazima liwe ndilo linaloua. Ngozi ya kichwa imejaa mishipa ya damu ambayo, kwa jinsi ilivyoshikiliwa na nyama ngumu iliyoizunguka, haisinyai upesi inapokatwa, na kwa sababu hiyo mpasuko mdogo tu huweza kulowesha shati zima na kuwatia hofu wote walio karibu. Ubongo kwa upande wake, ukiwa umefungiwa ndani ya fuvu, hauvuji hadharani wala hauna neva za kuhisi maumivu yake wenyewe, hivyo mtu anaweza kuwa anavuja damu ndani ya kichwa huku kwa nje akiwa na uvimbe mdogo tu juu ya sikio. Ndiyo maana katika idara za dharura, ambako majeruhi wa bodaboda hufikishwa pamoja na waliogongwa na magari, walioanguka kutoka mnazini au kwenye jengo na waliopigwa, kazi ya kutambua nani ameumia vibaya haianzii kwenye kidonda. Huanzia kwenye fahamu za mgonjwa, na haimaliziki kwa kumpima mara moja, kwa kuwa jeraha kali la kichwa ni jambo linaloendelea kubadilika, na kipimo kimoja kisicho na cha kulinganishwa nacho husema machache kuliko vipimo kadhaa vya kawaida vilivyoandikwa pamoja na saa vilipochukuliwa.

Ili dalili zenyewe zieleweke, yafaa kwanza kuangalia fuvu lilivyo. Kwa mtu mzima fuvu ni sanduku la mfupa lisilopanuka, na ndani yake mna vitu vitatu: ubongo wenyewe, unaochukua takriban asilimia 80 ya nafasi, damu iliyomo mishipani, na ugiligili wa ubongo, yaani maji maangavu yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo na kuukinga dhidi ya mitikisiko. Kanuni inayoeleza uhusiano wa vitu hivi hubeba majina ya Waskoti wawili, Alexander Monro aliyeitaja mwaka 1783 na George Kellie aliyeiongezea ushahidi mwaka 1824, nayo husema kwamba kikiongezeka kimoja ndani ya sanduku hilo, lazima kingine kipungue. Damu inapoanza kukusanyika baada ya ajali, mwili hujitahidi kuipatia nafasi kwa kusukuma ugiligili kuelekea kwenye uti wa mgongo na kutoa damu ya vena nje ya kichwa, na katika kipindi hicho mgonjwa anaweza kuzungumza, kunywa maji na kusisitiza kwamba yuko salama. Lakini akiba hiyo ya nafasi ni ndogo. Abiria wa daladala wakishajibana hadi kiti cha nyuma, anayeongezeka mmoja tu mlangoni humkandamiza kila aliyemo, na ndivyo ilivyo kwa fuvu: akiba ikiisha, kijiko kimoja cha damu hupandisha shinikizo ghafla, na ubongo huanza kusukumwa kuelekea tundu kubwa lililo chini ya fuvu, mahali palipo na shina la ubongo linaloendesha upumuaji na mapigo ya moyo.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti ambayo tiba nzima ya dharura ya kichwa imejengwa juu yake. Kuna uharibifu wa kwanza, unaotokea papo hapo kichwa kinapogonga lami, ambao hakuna daktari awezaye kuurudisha nyuma. Na kuna uharibifu wa pili, unaofuata katika dakika na saa zinazokuja kwa sababu ya kukosa oksijeni, kushuka kwa shinikizo la damu, kukusanyika kwa damu na kuvimba kwa ubongo. Wa kwanza huzuiwa barabarani, na ushahidi uliokusanywa kutoka tafiti nyingi unaonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 69 na hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42. Wa pili huzuiwa hospitalini, ikiwa dalili zake zitaonekana mapema.

Chombo kinachotumika zaidi duniani kuzisoma dalili hizo hakina waya wala betri. Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walichapisha katika jarida la The Lancet kipimo cha fahamu kilichokusudiwa kumaliza mkanganyiko wa maneno, kwa sababu wakati huo daktari mmoja aliandika kwamba mgonjwa "amesinzia", mwingine "amepumbaa", na wa tatu "yuko nusu fahamu", bila yeyote kujua kama walikuwa wakieleza hali moja au tatu. Kipimo hicho hutazama mambo matatu tu: macho, sauti na viungo. Macho yanayofunguka yenyewe hupewa alama 4, yanayofunguka mgonjwa anapoitwa 3, yanayofunguka anapobanwa 2, na yasiyofunguka kabisa 1. Kwa upande wa sauti, anayejitambua, akajua yuko wapi na huu ni mwezi gani, hupata 5. Anayezungumza sentensi lakini amechanganyikiwa 4. Anayetamka maneno yasiyoungana 3. Anayegugumia tu 2. Asiyetoa sauti 1. Viungo vina alama 6 kwa anayetii agizo, 5 kwa anayepeleka mkono hadi mahali anapobanwa ili kuuondoa, 4 kwa anayeuvuta mkono wake tu, 3 kwa anayeikunja mikono kifuani kwa namna isiyo ya kawaida, 2 kwa anayeinyoosha na kuikakamaza, na 1 kwa asiyesogea. Jumla ya juu ni 15, ya chini kabisa ni 3, wala hakuna sifuri, jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wa uuguzi kila mwaka, kwani hata maiti ingepata 3.

Kwa kawaida jumla ya 13 hadi 15 huitwa jeraha hafifu, 9 hadi 12 la wastani, na 8 kushuka chini huitwa jeraha kali. Mpaka wa 8 haukuwekwa ovyo: mgonjwa aliyefikia hapo huwa amepoteza uwezo wa kulinda njia yake ya hewa, ulimi hurudi nyuma, matapishi huweza kuingia mapafuni, na ndiyo sababu wahudumu hujiandaa kumwekea mrija wa kupumulia. Hata hivyo jumla peke yake hupotosha, kwa kuwa watu wawili wenye 9 wanaweza kuwa na hali mbili zisizofanana hata kidogo, mmoja akiwa anafungua macho anapobanwa tu na hatoi sauti ila anafanya lolote aambiwalo, na mwingine akiwa na macho wazi, anagugumia, huku mikono ikijikunja kifuani. Kwa hiyo anayeandika vizuri huandika sehemu zote tatu, kwa herufi E (macho), V (sauti) na M (viungo) zilizozoeleka kwenye karatasi za wodi, kisha ndipo aandike jumla.

Kipimo hiki ni rahisi kukikariri na ni rahisi vilevile kukikosea. Anayetaka kujua kama mgonjwa anatii agizo hapaswi kuishia kusema "nibane mkono", kwa sababu kiganja kilichoguswa huweza kujifunga chenyewe bila fahamu yoyote kuhusika. Humwambia abane kisha aachie, au atoe ulimi, na hapo ndipo utii unapothibitika. Anayetaka kuona viungo vinavyojibu hubonyeza ukucha kwa ubavu wa kalamu, au hubana msuli wa begani karibu na shingo, au hukandamiza ukingo wa mfupa ulio juu ya jicho, kwa nguvu inayoongezeka taratibu. Kumpiga makofi mashavuni au kumtikisa kichwa ni hatari tupu, kwa kuwa mtu aliyeumia kichwa huchukuliwa kuwa ameumia na shingo mpaka ithibitike vinginevyo. Tena kuna suala la lugha, ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya hulipitia juu juu lakini katika hospitali za huku lina uzito. Mzee aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye maisha yake yote amezungumza Kisukuma, Kimakonde au Kiluo, akiulizwa kwa Kiswahili cha haraka au kwa Kiingereza kuhusu tarehe na jina la hospitali, huweza kujibu kwa namna inayofanana kabisa na kuchanganyikiwa, akapewa 4 mahali palipostahili 5. Muuguzi mwenye busara humwita ndugu, au mhudumu anayeijua lugha hiyo, kabla ya kuandika chochote kwenye safu ya sauti.

Mtego mwingine, na pengine ndio unaogharimu maisha zaidi, ni pombe. Mlevi huanguka, na anayeanguka huumia kichwa, hivyo harufu ya gongo kinywani si maelezo ya kutosha ya usingizi mzito. Ni sababu ya kuongeza wasiwasi. Kanuni inayofundishwa ni kwamba fahamu iliyopungua kwa mtu mwenye jeraha la kichwa isihusishwe na ulevi mpaka jeraha lenyewe liwe limeondolewa kwenye hesabu, na kwamba anayesemekana amelewa apimwe tena na tena, kwa sababu pombe huisha kadiri saa zinavyokwenda na mtu huzidi kuamka, wakati damu inayokusanyika kichwani hufanya kinyume. Kabla ya yote hayo hupimwa sukari ya damu kwa tone moja la kidoleni, kipimo cha dakika moja kinachoweza kufichua kwamba dereva aliyeanguka na kuzimia aliishiwa sukari kabla hata hajaanguka.

Kinachofanya upimaji wa kurudiarudia uwe wa lazima ni kile kinachoitwa kipindi cha nafuu. Mbele kidogo ya sikio, kwenye panja, mfupa wa fuvu ni mwembamba, na upande wake wa ndani hupita ateri inayolisha utando mgumu unaoufunika ubongo. Mfupa huo ukipata ufa, ateri huweza kuchanika na damu ikaanza kujikusanya kati ya fuvu na utando. Mgonjwa huzimia kwa muda mfupi kwa sababu ya mshtuko wa kwanza, kisha huzinduka, huongea vizuri, pengine hukataa kwenda hospitali. Baada ya dakika kadhaa au saa kadhaa huanza kulalamika kichwa, hutapika, husinzia, na asipofanyiwa upasuaji hufa. Kisa cha mwigizaji wa Uingereza Natasha Richardson, aliyekuwa na umri wa miaka 45, kilijulikana duniani kote kwa sababu kilifuata mkondo huo karibu hatua kwa hatua. Machi 16, 2009 alianguka kwenye mteremko wa wanaojifunza kuteleza thelujini huko Mont Tremblant, Quebec, bila helmeti na bila jeraha la kuonekana, akawa anazungumza na kutania, na msaada wa wahudumu ukakataliwa mwanzoni. Baadaye kichwa kilianza kumuuma, hali ikabadilika haraka, na Machi 18 alifariki mjini New York. Uchunguzi wa mwili ulionyesha damu iliyokusanyika kati ya fuvu na utando mgumu. Kisa hicho kilitokea katika nchi tajiri yenye hospitali za kila aina, jambo linaloonyesha kwamba kilichokosekana kwanza hakikuwa mashine. Huko Glasgow kwenyewe, mwaka 1975, Jennett na wenzake walikuwa wamekwisha kuandika juu ya wagonjwa wanaozungumza kisha wakafa, wakionyesha kwamba mtu aliyeweza kusema baada ya kuumia ni mtu ambaye ubongo wake haukuharibiwa kabisa na pigo la kwanza, na kwa hiyo kifo chake kinapaswa kuulizwa maswali.

Baada ya fahamu, mboni ndizo zinazosema mengi. Mboni ni tundu jeusi katikati ya jicho, ambalo husinyaa kwenye mwanga na kupanuka gizani kwa amri ya neva inayotoka kwenye shina la ubongo na kupita kwenye ukingo mwembamba ambao ubongo unaovimba huweza kuubana. Mhudumu hupunguza mwanga wa chumba ikiwezekana, hutazama kwanza ukubwa wa mboni zote mbili kwa pamoja, kisha huleta tochi kutokea pembeni, jicho moja baada ya jingine, akiangalia kama mboni inasinyaa na kwa kasi gani. Mboni moja inapokuwa kubwa kuliko nyenzake kwa zaidi ya milimita moja, ikawa nzito kusinyaa au imekufa kabisa kwa mwanga, kwa mgonjwa ambaye fahamu zake zinashuka, hiyo ni alama kwamba ubongo unasukumwa, kwa kawaida kutoka upande uleule wa mboni iliyopanuka, na muda uliobaki huhesabiwa kwa dakika. Mboni zote mbili zikiwa zimepanuka na hazijibu, hali ni mbaya zaidi. Lakini hata hapa busara inahitajika: wapo watu wazima wenye afya ambao mboni zao hutofautiana kidogo tangu kuzaliwa, na pigo lililolenga jicho lenyewe huweza kuipanua mboni bila ubongo kuhusika, hivyo mtu aliye macho, anayezungumza vizuri, mwenye mboni moja kubwa, hali yake haina maana sawa na ya aliyelala hoi. Umuhimu wa mboni ulitambuliwa kiasi kwamba mwaka 2018 Teasdale na wenzake walipendekeza kupunguza alama 1 kwenye jumla ya Glasgow ikiwa mboni moja haijibu mwanga, na alama 2 ikiwa zote hazijibu.

Mapigo ya moyo na shinikizo la damu nayo husomwa kwa namna ya pekee. Harvey Cushing, mwanzilishi wa upasuaji wa kisasa wa ubongo nchini Marekani, alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba shinikizo ndani ya fuvu linapopanda kupita kiasi, shinikizo la damu mwilini hupanda ili kuulazimishia ubongo damu, mapigo ya moyo hupungua, na upumuaji huenda kombo, ukisimama na kuanza tena bila mpangilio. Mgonjwa wa ajali mwenye mapigo 48 kwa dakika na shinikizo la 190 kwa 100 hajatulia, hata kama ndugu waliomzunguka wanashukuru kwamba sasa amelala, anakaribia mwisho. Kwa upande mwingine, mtu mzima aliyeumia kichwa akakutwa na shinikizo la chini na mapigo ya kasi, chanzo chake kwa kawaida hakimo kichwani, kwani ndani ya fuvu la mtu mzima hakuna nafasi ya kumeza damu nyingi kiasi hicho. Itafutwe tumboni, kifuani, kwenye nyonga au paja lililovunjika, na itafutwe haraka, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa hauvumilii njaa ya damu: shinikizo la juu likishuka chini ya 90, au oksijeni ikapungua chini ya asilimia 90, uwezekano wa kufa huongezeka mno. Mtoto mchanga ndiye anayeitoroka kanuni hii, kwa kuwa fuvu lake linapanuka na damu yake yote ni kidogo.

Zipo dalili za kuvunjika kwa msingi wa fuvu, ule mfupa ambao ubongo umeukalia, ambazo mtu yeyote aliyefundishwa kutazama anaweza kuziona. Maji maangavu au yenye damu yanayotiririka puani au sikioni baada ya pigo huenda ni ugiligili wa ubongo. Weusi unaozunguka macho yote mawili bila macho yenyewe kupigwa, na weusi unaojitokeza nyuma ya sikio, ulioitwa kwa jina la William Henry Battle, daktari wa upasuaji wa London, huashiria jambo hilohilo. Weusi wa nyuma ya sikio mara nyingi huchelewa kuonekana, wakati mwingine hadi siku ya pili, hivyo kutokuwepo kwake saa ya kwanza hakumwondolei mgonjwa shaka. Anayeshukiwa kuvunjika huko hawekewi mrija wowote kupitia puani, kwa kuwa njia inaweza kuwa imefunguka hadi kwenye ubongo, wala pua au sikio halizibwi kwa pamba iliyoshindiliwa.

Degedege baada ya ajali, kutapika zaidi ya mara moja, kusahau yaliyotangulia ajali, udhaifu wa mkono na mguu wa upande mmoja, na maumivu ya kichwa yanayozidi badala ya kupungua, yote huingia kwenye hesabu. Kwa watoto wadogo huongezwa utosi uliotuna, kulia kwa sauti kali isiyobembelezeka, kukataa kunyonya, na uzito wa kuamka. Kwa wazee hesabu hubadilika kabisa, kwa sababu ubongo husinyaa na umri na kuacha nafasi ambamo damu ya vena, inayovuja polepole chini ya utando mgumu, huweza kujikusanya kwa wiki kadhaa bila kishindo, mpaka familia ianze kusema kwamba babu amekuwa msahaulifu, anaburuta mguu au amebadilika tabia. Huenda alijigonga kwenye fremu ya mlango mwezi uliopita na hakuna aliyelikumbuka. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarini, huwekwa kwenye kundi la hatari hata kwa pigo dogo.

Kipimo cha picha kinachoonyesha damu ndani ya kichwa ni CT, ambacho mgonjwa wa kwanza alifanyiwa Oktoba 1, 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London, kwa mashine aliyoibuni mhandisi Godfrey Hounsfield. Yeye na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha mfupa tu, na fuvu lisilo na ufa huweza kuwa limebeba ubongo unaovuja damu, kwa hiyo familia inayofarijika kwa eksirei safi hufarijika mapema mno. Kwa kuwa si kila aliyejigonga anaweza kufanyiwa CT, madaktari wa Kanada walichapisha mwaka 2001 mwongozo kwa wenye alama 13 hadi 15 waliozimia, waliosahau au waliochanganyikiwa: apelekwe CT haraka ambaye hajafikia 15 saa mbili baada ya ajali, mwenye dalili za kuvunjika kwa fuvu juu au kwenye msingi, aliyetapika mara mbili au zaidi, na mwenye umri wa miaka 65 au zaidi. Mwongozo wenyewe ulitungwa mahali penye mashine karibu. Mahali ambapo mashine iko mkoa mwingine, masharti hayohayo husaidia kuamua nani apande gari la rufaa usiku huu na nani aangaliwe mpaka asubuhi.

Kinachofanywa kabla ya picha ni kingi kuliko watu wanavyodhani, na sehemu kubwa yake haihitaji mtaalamu wa ubongo. Njia ya hewa husafishwa, oksijeni hutolewa, shingo hutulizwa kwa kola, damu inayotoka hukandamizwa kwa kitambaa safi, shinikizo huinuliwa kwa dripu ya chumvi likiwa chini, kichwa cha kitanda huinuliwa kiasi cha nyuzi 30 mara shinikizo linaporuhusu, na shinikizo la fuvu likionekana kupanda hutumika manitoli au maji ya chumvi yenye ukali mkubwa ili kuvuta maji kutoka kwenye ubongo mpaka mgonjwa afike chumba cha upasuaji. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 12,737 katika nchi 29, ulionyesha kwamba dawa ya traneksamiki, inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, ikitolewa ndani ya saa tatu hupunguza vifo kwa wenye jeraha hafifu au la wastani, si kwa walio na jeraha kali zaidi. Ni ushahidi mwingine kwamba kutambuliwa mapema kuna thamani kuliko kutambuliwa kwa uhakika mkubwa lakini kwa kuchelewa. Dawa za jamii ya steroidi, zilizotumika kwa miongo kadhaa kwa imani kwamba hupunguza uvimbe wa ubongo, zilithibitika mwaka 2004 kuongeza vifo: kati ya wagonjwa 10,008, waliopewa walikufa asilimia 21.1 ndani ya wiki mbili, na wasiopewa asilimia 17.9. Kuendelea kuzitoa kwa ajili ya jeraha la kichwa ni ukaidi usio na utetezi.

Upasuaji wenyewe, wa kutoboa au kufungua fuvu na kuitoa damu, si mgeni katika eneo hili. Abagusii wa magharibi mwa Kenya waliufanya kwa vizazi kwa ajili ya maumivu ya kichwa yasiyokoma baada ya pigo, muda mrefu kabla ya hospitali za rufaa kujengwa. Leo nchini Tanzania kazi hiyo hufanywa zaidi katika taasisi kama ile ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, na ilipofunguliwa idara kamili ya tiba ya dharura katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2010, ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma nchini, ilidhihirika kwamba kati ya barabara na chumba cha upasuaji kulikuwa na pengo la kitaalamu lililohitaji watu wake.

Pengo hilo huanzia barabarani. Majeruhi aliyezimia hapewi maji wala soda, hainuliwi kwa kushikwa kwapani akakalishwa katikati ya watu wawili kwenye bodaboda huku kichwa kikining'inia, wala haachwi alale chali akitapika. Huviringishwa ubavuni kwa pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja. Ndugu wanaokimbilia kituo cha polisi kwanza kutafuta fomu ya polisi ya PF3 hupoteza saa isiyorudishika, kwani fomu hiyo ni ya taratibu za kisheria na inaweza kufuatwa majeruhi akiwa tayari mikononi mwa wahudumu. Nchini Kenya Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema wazi kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Anayelazwa kwa uangalizi hupimwa kila nusu saa mpaka afikie 15. Akishafika, hupimwa kila nusu saa kwa saa mbili, kila saa kwa saa nne, kisha kila baada ya saa mbili, na akishuka kwa alama moja kwa zaidi ya nusu saa, hasa kwenye viungo, au kwa alama mbili wakati wowote, daktari huitwa bila kungoja zamu ibadilike. Mgonjwa anapohamishwa kutoka kituo cha afya kwenda hospitali ya rufaa, karatasi yenye vipimo hivyo ndiyo inayopaswa kutangulia kila kitu kingine kwenye bahasha: saa ya ajali, alama za macho, sauti na viungo kila zilipochukuliwa, ukubwa wa mboni, shinikizo, oksijeni, sukari, na dawa zilizotolewa. Barua inayosema tu kwamba mgonjwa "hali yake ni mbaya" humlazimisha daktari wa upande wa pili kuanza upya, bila kujua kama mtu aliye mbele yake mwenye alama 10 amepanda kutoka 7 au ameshuka kutoka 14.